Valentin Rathgeber: Mmonaki Aliyezitungia Misa Kwaya za Vijijini

Utangulizi

Tarehe 28 Julai 1750 alifariki mjini Leipzig, Ujerumani, mtunzi Johann Sebastian Bach, ambaye jina lake linafahamika popote kinanda kinapofundishwa. Wiki nane kamili kabla yake, tarehe 2 Juni mwaka huohuo, mtunzi mwingine wa kipindi cha Baroko alikuwa amefariki katika Abasia ya Banz, juu ya kilima kinachotazama mto Main, katika eneo la Frankonia lililo leo kaskazini mwa Bavaria. Huyo alikuwa Padre Valentin Rathgeber, mmonaki wa Shirika la Mtakatifu Benedikto. Alipokuwa hai, Misa zake zilichapwa na kuimbwa katika makanisa mengi ya Wakatoliki wa kusini mwa Ujerumani, wakati kantata za Bach zilibaki karibu zote katika mwandiko wa mkono. Leo hali imegeuka: Bach anajulikana kote, naye Rathgeber anajulikana kwa wachache.

Hatudai kwamba mmonaki huyu alimzidi Bach katika sanaa; hakumzidi. Tunamkumbuka kwa mambo mawili yanayoligusa Kanisa hata sasa. La kwanza, aliitoa karama yake kwa ajili ya kwaya ndogo na dhaifu, zile ambazo watunzi wakubwa huzisahau. La pili, karama hiyohiyo ilimfikisha kwenye jaribu zito la maisha yake: aliiacha monasteri bila ruhusa ya Abate wake, akakaa nje kwa miaka tisa, kisha akarudi. Katika makala hii tunaeleza maisha yake na muziki wake, na kuona jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana.

Utoto na masomo

Valentin Rathgeber alizaliwa tarehe 3 Aprili 1682 katika kijiji cha Oberelsbach, kwenye nchi ya milima ya Rhön. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda wa kanisa. Katika vijiji vya Kikatoliki vya Ujerumani ya wakati ule, kazi hizo mbili mara nyingi zilishikwa na mtu mmoja. Siku za juma mwalimu aliwafundisha watoto kusoma na kuhesabu. Siku ya Dominika alipanda kwenye roshani ya kinanda, akawaongoza watoto walewale pamoja na wanakijiji wachache waliojua kupiga fidla au tarumbeta. Baba huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa muziki wa Valentin. Kwa hiyo mtoto huyu aliifahamu kwaya ya kijiji kwa ndani, uzuri wake na upungufu wake, kabla ya kuzifahamu kwaya za mijini.

Itakumbukwa kwamba Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618, vilikuwa vimekwisha mwaka 1648, yaani miaka 34 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Frankonia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Makanisa yaliporwa, monasteri zilibaki tupu, na waumini wengi walikufa kwa silaha, njaa na tauni. Kizazi cha wazazi wa Rathgeber kilikuwa kizazi cha kujenga upya. Furaha tunayoisikia katika muziki wa Kikatoliki wa wakati huo, pamoja na tarumbeta zake na dhahabu iliyopakwa altareni, ilikuwa furaha ya watu ambao wazee wao waliona kila kitu kikiteketea.

Rathgeber alisoma katika Chuo Kikuu cha Würzburg, akamalizia na masomo ya teolojia. Kisha akapata kazi ya ualimu na muziki katika hospitali ya Juliusspital mjini humo, iliyoanzishwa na Askofu Julius Echter mwaka 1576 kwa ajili ya maskini, wagonjwa na yatima. Kazi yake ya kwanza, basi, haikuwa katika jumba la mfalme. Ilikuwa mahali pa huduma ya huruma.

Kuingia Abasia ya Banz

Mwaka 1707 Rathgeber alihamia Banz, akawa mwanamuziki na mtumishi wa Abate Kilian Düring. Abasia hiyo ilikuwa ya kale, kwani msingi wake uliwekwa katika karne ya 11. Haukupita muda mrefu kijana huyo akaomba kupokelewa kama mmonaki, na mwaka 1711 akapewa Daraja takatifu ya Upadre. Jumuiya ilimkabidhi kinanda na kwaya. Pamoja na hayo alitoa mahubiri.

Alifika Banz wakati wa kazi kubwa. Kati ya mwaka 1710 na 1719, mbunifu Johann Dientzenhofer alijenga pale kanisa jipya la abasia, ambalo hadi leo linahesabiwa kati ya makanisa mazuri zaidi ya Baroko katika Ujerumani. Kwa miaka tisa wamonaki walisali karibu na mafundi waashi na maseremala. Kanisa lilipokamilika, mwongoza kwaya wao alikuwa na nyumba mpya ya kuijaza kwa sauti. Miaka miwili baadaye, mwaka 1721, Rathgeber alitoa chapisho lake la kwanza.

Ni vema tukumbuke hapa muziki una nafasi gani kwa mmonaki. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaiweka sala ya pamoja mbele ya kazi nyingine zote, na katika sura ya 19 inawataka wamonaki waimbe zaburi kwa namna ambayo akili inakubaliana na sauti. Lakini katika sura ya 57 Kanuni inatoa onyo kwa ndugu wenye ujuzi wa ufundi. Waufanye kwa unyenyekevu na kwa idhini ya Abate. Na fundi akianza kujivuna, akidhani kwamba monasteri inapata faida kwa sababu yake, aondolewe katika kazi hiyo mpaka atakapojinyenyekeza. Benedikto alijua kwamba karama inaweza kumjenga mmonaki, na inaweza pia kumtenga na ndugu zake. Onyo hilo tutalirudia.

Misa za kijijini na za mjini

Chapisho la mwaka 1721 lilikuwa na Misa nane, kila moja katika ufunguo wake wa muziki, na ndiyo maana jina lake la Kilatini, Octava musica, linataja namba nane. Lilichapwa mjini Augsburg na Johann Jakob Lotter, mchapaji ambaye tangu hapo alishirikiana na Rathgeber kwa miaka mingi. Zilifuata Misa nyingine, zaburi za Masifu ya Jioni, nyimbo za kutolea vipaji na antifona za Bikira Maria. Mwaka 1728 ilitoka Chelys sonora, yenye konserto 24 za vyombo vya muziki, ambamo tunasikia mtindo uliotoka Italia na kuenea Ulaya nzima kwa njia ya watunzi kama Padre Antonio Vivaldi wa Venezia.

Kitabu kinachoieleza vizuri zaidi nia yake ni Misa alizochapa mwaka 1733 kwa jina la Missale tum rurale tum civile, maana yake kitabu cha Misa za kijijini na pia za mjini. Jina hilo linatosha kuonyesha alimfikiria nani alipokuwa akiandika. Ili kuelewa uzito wake, tulinganishe na jambo lililotokea miaka mitatu tu kabla yake. Mwezi Agosti mwaka 1730 Bach aliandikia halmashauri ya mji wa Leipzig akilalamika kwamba kwaya ya kanisa lazima iwe na waimbaji wasiopungua 12, na ingefaa zaidi wawe 16, pamoja na wapigaji wa vyombo wapatao 20. Madai yake yalikuwa ya haki kwa muziki aliouandika. Lakini paroko wa kijiji angewapata wapi watu wote hao? Alikuwa na mwalimu wa shule, watoto kadhaa, na wakulima wawili au watatu wenye fidla za kurithi.

Rathgeber aliwatungia hao. Muziki wake wa Misa kwa kawaida unasimama juu ya sauti nne za waimbaji, fidla mbili na kinanda. Tarumbeta na ngoma zinaongezwa katika sherehe, na mara nyingi zimeandikwa kwa hiari, kiasi kwamba zikikosekana Misa haivunjiki. Msingi wa yote ni mstari wa besi ulioandikwa tarakimu juu yake. Mpiga kinanda aliyefundishwa vizuri huzisoma tarakimu hizo na kuzijaza sauti za kati kwa mkono wake wa kulia. Hata kama alto mmoja ameugua au tena hajafika, kinanda kinaliziba pengo na sala inaendelea.

Uandishi wenyewe ni wa wazi. Sauti nne mara nyingi hutamka silabi moja kwa wakati mmoja, hivyo maneno husikika. Sehemu ya mwimbaji wa pekee haipandi juu sana wala haina mapambo marefu yanayohitaji pumzi ya mtaalamu. Utukufu na Nasadiki, ambazo zina maneno mengi, zinapita kwa wepesi ili Misa isiwachoshe waumini. Mapambo yanaachiwa fidla, kwa sababu vidole vinaweza kufanya mazoezi ya wiki nzima mahali ambapo koo la mtoto lingeshindwa.

Mtu asidhani kwamba kuandika kwa wepesi ni kazi nyepesi. Mtunzi mwenye kwaya kubwa anaweza kuuficha udhaifu wa wazo lake nyuma ya wingi wa sauti. Mwenye kuandikia waimbaji wachache hana pa kujificha. Kila nota inasikika, na nota isiyofaa inasikika zaidi. Rathgeber alikuwa na elimu ya kutunga mambo magumu. Aliamua kuitumia elimu hiyo ili wengine waimbe bila taabu.

Kuondoka bila ruhusa

Mwaka 1729 Rathgeber alikuwa na umri wa miaka 47. Vitabu vyake vilikuwa vimeanza kusambaa, na alitamani kusafiri ili asikie muziki wa mahali pengine na kujifunza. Aliomba ruhusa, Abate akakataa. Rathgeber akaondoka hata hivyo.

Safari yake ilidumu hadi mwaka 1738. Alipita katika miji ya Mainz, Bonn, Köln, Trier, Stuttgart na Regensburg, akafika pia Uswisi na Austria. Katika miaka hiyo aliendelea kuchapa vitabu, na kwa bidii kubwa. Misa za kijijini na za mjini tulizozitaja ni za wakati huo. Ni wakati huo pia alipotoa kazi iliyomletea sifa nje ya Kanisa, yaani mkusanyo wa nyimbo za mezani uitwao Tafel-Confect, vitamutamu vya mezani. Sehemu tatu alizozitunga zilitoka kati ya mwaka 1733 na 1737 bila kutaja jina la mtunzi. Sehemu ya nne, ya mwaka 1746, ni ya Johann Caspar Seyfert wa Augsburg. Humo mna nyimbo za utani, mna nyimbo zinazounganisha mahadhi mbalimbali kwa wakati mmoja hata wasikilizaji wakacheka, na mna wimbo wa kuusifu muziki wenyewe ambao Wajerumani wameuimba hadi nyakati zetu. Muziki huo ulikuwa wa familia na marafiki waliokaa pamoja baada ya chakula, na furaha yake haina ubaya.

Tufanye nini na miaka hiyo tisa? Ipo njia rahisi ya kuisimulia habari hii, nayo ni kumfanya Abate kuwa mtu mkaidi na mmonaki kuwa shujaa wa sanaa. Njia hiyo hatuifuati, kwa kuwa haiwatendei haki wote wawili. Mbenediktini anapoweka nadhiri anaahidi mambo matatu: kudumu katika monasteri yake, kuongoka katika mwenendo wa maisha, na utii. Ahadi ya kudumu si kifungo alichofungwa na mwingine. Ni neno alilolitoa mwenyewe mbele ya altare, akaliandika na kuliacha pale. Abate anayemkatalia mmonaki safari ndefu analilinda neno hilo. Tena, mwongoza kwaya akiondoka, kuna ndugu wanaobaki bila mtu wa kuwaongoza katika sala, na kuna novisi ambao wangejifunza kwake.

Kwa upande mwingine, hatuwezi kujifanya kwamba kiu ya Rathgeber ilikuwa ya kipuuzi. Mwanamuziki hukua kwa kusikia. Mtu aliyekaa kilimani kwa zaidi ya miaka 20, akipokea vitabu vya wengine kwa njia ya wachapaji bila kuzisikia kwaya zenyewe zikiimba, ana sababu ya kutaka kuona. Kitawa, kosa lake halikuwa katika kuitamani elimu. Lilikuwa katika kuifanya karama yake kuwa hakimu wa nadhiri yake. Hapo ndipo onyo la sura ya 57 ya Kanuni linapopata maana. Karama ni ya Mungu, lakini mwenye karama anaweza kuanza kuishi kana kwamba karama imemfungua kutoka katika wajibu uliowekwa kwa watu wa kawaida.

Wapo watakaouliza: je, Misa zile nzuri zilizochapwa njiani hazitoshi kumhesabia haki? Jibu letu ni kwamba Mungu anaweza kuleta mema hata kupitia njia zetu zilizopinda, na mema hayo ni ya kweli, wala hatuna haja ya kuyakana. Waumini wa kijijini walioimba Misa hizo walimsifu Mungu kwelikweli. Hata hivyo, tunda jema halifuti deni la neno lililovunjwa. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kurudi.

Kurudi

Mwaka 1738 Rathgeber alirudi Banz. Alikuwa na umri wa miaka 56, na jina lake lilikuwa linajulikana zaidi kuliko siku alipoondoka. Angeweza kutafuta nafasi katika kanisa la mji fulani na kuendelea na maisha. Alirudi kilimani, akapokea adhabu ya kitawa, akaweka upya nadhiri zake.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ilikwisha kuliona jambo hili karne kumi na mbili kabla yake. Sura ya 29 inauliza kama ndugu aliyeiacha monasteri kwa kosa lake apokelewe tena. Inajibu kwamba apokelewe, akiahidi kwanza kujirekebisha kabisa, na awekwe mahali pa mwisho ili unyenyekevu wake ujaribiwe. Akiondoka tena na kurudi, apokelewe vilevile, hadi mara ya tatu. Sura hiyo ni fupi sana, lakini inabeba hekima yote ya malezi. Mlango uko wazi, nao si mlango usio na kizingiti. Anayerudi haambiwi kwamba hakuna kilichotokea, wala haambiwi kwamba kilichotokea ndicho mwisho wake. Msomaji wa Injili atatambua hapa baba wa mwana mpotevu, na atamtambua pia yule kaka mkubwa, ambaye katika kila jumuiya ana la kusema.

Tusiisahau sehemu ya jumuiya. Ndugu waliobaki ndio waliofanya kazi ya mwenzao kwa miaka tisa bila kuchapwa vitabuni. Kumpokea kulidai kitu kwao pia. Banz ilimrudishia kazi zake, naye akazitumikia kwa miaka 12 iliyobaki ya uhai wake. Mwaka 1743 alitoa chapisho lake la 22, mkusanyo wa vipande vifupi 60 vya kinanda kwa ajili ya burudani na mafunzo, na ndani yake mna vipande vya Noeli vinavyoiga zumari za wachungaji. Hakuna ndani yake dalili ya uchungu. Ni muziki wa mzee anayewaandikia watoto wanaojifunza.

Muziki wake na mafundisho ya Kanisa

Rathgeber aliishi katika kipindi ambacho Kanisa lilikuwa likijadili kwa makini mipaka ya muziki katika ibada. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 22 mwaka 1562, ulikuwa umeagiza kuondoa makanisani muziki wenye mambo yasiyofaa. Tarehe 19 Februari 1749, mwaka mmoja kabla ya kifo cha mmonaki wetu, Papa Benedikto wa 14 alitoa waraka wa Annus qui. Humo alikubali matumizi ya vyombo mbalimbali vya muziki kanisani, kwa sharti kwamba visaidie maneno yasikike na kueleweka, na kwamba muziki wa ibada usifanane na ule wa jukwaa la maonyesho. Ukizipima Misa za Rathgeber kwa kipimo hicho, utaziona zikikaribia sana nia ya Papa: ni changamfu, lakini fupi, na maneno yake yanafika sikioni.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio ya Sacrosanctum Concilium, ambayo sura yake ya sita inahusu muziki mtakatifu. Katika namba 121 Mababa wa Mtaguso wanawaagiza watunzi waandike nyimbo ambazo hazitafaa kwaya kubwa peke yake, bali zitafaa pia kwaya ndogo, na zitasaidia jumuiya nzima ya waumini kushiriki. Agizo hilo lilipotolewa, mwalimu wa kwaya wa Banz alikuwa amelala kaburini kwa karne mbili na zaidi. Nusu ya kwanza ya agizo alikuwa ameitimiza tangu mwaka 1721. Nusu ya pili, yaani ushiriki wa waumini wote kwa lugha yao, ilibaki kuwa kazi ya vizazi vilivyofuata, kwa kuwa Misa zake ni za Kilatini na ni za kwaya.

Yaliyobaki

Abasia ya Banz haipo tena kama monasteri. Mwaka 1803, serikali za Ujerumani zilipotaifisha mali za Kanisa, monasteri za Bavaria zilifungwa na wamonaki wakatawanyika. Vitabu vya muziki vya nyumba nyingi viliuzwa au kupotea. Kanisa lililojengwa na Dientzenhofer, ambalo wasimamizi wake ni Mtakatifu Dionisi na Mtakatifu Petro, likawa kanisa la parokia. Ni sadfa yenye maana kwamba kanisa la mtunzi aliyezifikiria parokia limeishia mikononi mwa parokia.

Lakini utawa wa Kibenediktini haukuzimika Bavaria. Ulihuishwa katika karne ya 19, na mwaka 1884 Padre Andreas Amrhein alianzisha jumuiya ya kimisionari ambayo baadaye iliweka makao yake Mtakatifu Ottilien. Kutoka huko wamisionari walifika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888, na baadaye zikasimama abasia za Peramiho na Ndanda. Kwa njia hiyo Kanuni ileile iliyosomwa Banz, pamoja na sura yake ya 29 na ya 57, inasomwa leo kusini mwa Tanzania kwa Kiswahili.

Misa za Rathgeber zimeanza kuimbwa tena Ulaya katika miongo ya karibuni, na nyingi zimechapwa upya. Zinaimbwa hasa na kwaya za parokia, kwa sababu ileile iliyozifanya zipendwe mwanzoni: zinawezekana.

Hitimisho

Kwa watunzi wetu na walimu wa kwaya, maisha haya yanaacha maswali machache ya kujihoji. Ninapotunga, ninamfikiria nani? Je, ni jopo la mashindano, au ni kigango chenye waimbaji saba ambao mmoja tu anajua kusoma nota? Je, sauti ya tena niliyoiandika inaweza kuimbwa na kijana aliyetoka shambani, au inamtaka mtaalamu ambaye hayupo? Wimbo ambao kigango hakiwezi kuuimba, hata ukiwa mzuri namna gani, haujawafikia waumini wake.

Kwa kila mwenye karama katika Kanisa, awe mwimbaji, mhubiri, katekista au mtawa, swali ni zito zaidi. Karama inapogongana na neno tulilolitoa mbele ya Mungu, ipi inatii nyingine? Rathgeber alijibu vibaya mwaka 1729, akajibu vizuri mwaka 1738. Na kwa jumuiya zetu, parokia na nyumba za kitawa kwa pamoja, Banz inatukumbusha kwamba kumpokea anayerudi ni kazi inayohitaji kanuni, subira na moyo mkuu. Ndugu wale wangeweza kuufunga mlango, na hakuna ambaye angewalaumu. Waliufungua, na mzee akapanda tena kwenye kinanda chake.